Nilifukuza kisulisuli, nikatua kwenye mlenda wa watu

Najua umeshaisikia. Ile sauti ya dakika nne ya WhatsApp ya Sina Haraka, dereva wangu wa bodaboda, ilianzia grupu la kijiweni, ikahamia la mafundi simu, ikaingia la ukoo, na juzi saa mbili usiku shangazi yangu wa Kondoa akapiga. Hajasalimia, hajauliza watoto: "We mwanangu, ni kweli umetumbukia chooni ukamnyang'anya mtu ugali?"

Kwa hiyo naandika. Kalio bado linauma, nimekaa upande upande kama mtu aliyetoka kudungwa sindano, lakini naandika, maana nikikaa kimya wiki moja zaidi itasemekana nilikutwa humo na mbuzi wa wizi.

Kwanza, choo kilikuwa kipya. Hakijatumika na mtu yeyote, hakina hata mlango. Naomba hili lieleweke kabla hatujasogea. Pili, ugali sikuugusa. Kilichopatikana na mimi ni mboga. Tatu, Sina Haraka anasema nililia "mama". Sikulia mama. Nilichokisema ni kibaya kuliko hicho, tutafika.

Mnaonifuata siku nyingi mnaujua ugonjwa wangu. Mchana natengeneza simu Majengo, hapa Dodoma, usiku nikipata bando naangalia Wamarekani wanaofukuza tonado. Watu wazima, wana familia zao, wanaamka asubuhi Oklahoma au Kansas, wanafungua rada kwenye kompyuta, wanajaza mafuta, halafu wanakimbilia kulekule ambako kila mwenye akili anatoka. Nimeangalia mpaka nikaanza kujiona nimo kikosini. Najua ngazi zao za EF, za kupimia ukali wa tonado, zinaanzia 0 hadi 5, najua wanazitumia tangu 2007, na najua namba hiyo haitolewi kwa kutazama tonado ilivyo nene, inatolewa baadaye kwa kukagua kilichobomoka. Najua na habari ya El Reno, 31 Mei 2013, tonado iliyotanuka kupita kilomita 4 kwa upana na kuwaua wafukuzaji watatu ndani ya gari moja, tena si wahuni wa kutafuta laiki, ni watu wa utafiti wenye uzoefu wa miaka. Hapo mtu mzima mwenye akili timamu angezima simu akalala. Mimi nikanunua bando jingine.

Shida ni kwamba Dodoma hatuna tonado. Mvua yenyewe inakuja kutusalimia Desemba, ikifika Aprili imeshaaga. Tulichonacho, na tunacho cha kumwaga, ni visulisuli. Mwezi wa kumi, jua la saa saba, mashamba yamesafishwa yanasubiri mvua, ardhi nyekundu imeiva kama chungu tanuruni. Ukisimama njia ya Singida hapo mbele ya Nala ukatazama bondeni, unaviona vitatu vinne vimesimama mbalimbali kama abiria wanaosubiri daladala.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akitukataza kuvinyooshea kidole. "Ndani mna wenyewe," alikuwa anasema, na hakuwahi kufafanua ni wenyewe gani. Nilipomweleza mama mpango wangu na yeye alikuwa na la kwake. Mama kwa habari ya vimbunga anajua kimoja tu, Hidaya, kile cha Mei 2024 kilichopiga Mafia, kwa sababu redio haikukaa kimya na ana shoga yake mwenye jina hilo.

"Unaenda Mafia?"

"Hapana mama, Nala."

"Nala kuna bahari?"

Tukaachana hapo. Kosa si lake. Sisi kimbunga ni kimbunga, kiwe cha bahari kinachofunika mkoa mzima au cha Kansas kinachosaga mtaa mmoja na kuuacha wa jirani na kamba zake za nguo.

Jumamosi usiku nikaweka stetasi kwa herufi kubwa: KESHO NAINGIA NDANI. Sikufafanua ndani ya nini. Watu kumi na moja wakanipongeza, mmoja akauliza mahari imekuwa ngapi.

Vifaa. Helmeti ya Sina Haraka ya abiria, ile yenye harufu ya abiria wote wa Dodoma. Barakoa iliyobaki tangu 2020. Miwani niliazima kwa jirani yangu fundi wa kuchomelea, vioo vya kijani kibichi karibu na cheusi. Nilipoivaa kibandani sikuiona hata meza yangu, nikajiambia nje kuna jua la kutosha. Na simu nikaifunga kifuani kwa raba ya tyubu, kamera inatazama mbele, taa inawaka ili kule ndani kusiwe giza. Kuhusu simu yenyewe: yangu ina kamera ya kupigia picha mchana tu. Dada uliyeniletea ile ya kioo kilichopasuka, kama unasoma hapa, simu yako iko salama, nilikuwa naijaribu maiki.

Na usafiri. Wenzangu wa Oklahoma wengine wana magari waliyoyavika vyuma kama vifaru. Mimi nina bodaboda. Jina halisi la mwenye bodaboda analijua mama yake. Sisi tunamwita kwa maandishi yaliyoko kwenye madigadi ya nyuma, SINA HARAKA, na kijana anaishi kwa maandishi hayo.

Njiani nilimpa semina. Tonado nyingi za kule, nikamwambia, huelekea kaskazini-mashariki, kwa hiyo mfukuzaji anajiweka kusini-mashariki yake, anaitazama ikipita huku njia ya kukimbilia iko wazi. "Na sisi tutakaa kusini-mashariki."

"Ndiyo wapi?"

"Pale kwenye mbuyu."

"Mbuyu upi?"

Kama umewahi kupita kule utajua swali lilikuwa la haki kabisa.

Ambacho sikukifikiria, na usiku mzima wa video haukunifundisha, ni kwamba tonado ina mama. Inaning'inia kwenye wingu la radi. Wingu likienda na yenyewe inakwenda, na wingu unaliona kwenye rada likiwa mbali. Kisulisuli ni yatima. Kinazaliwa chini, ardhi ikichemka kuliko hewa iliyo juu yake, ile hewa ya moto inapanda ghafla huku inajisokota, na mbinguni hapo ni kweupe, hakuna hata kiwingu cha kukiuliza. Hakina kwao, hakina kinakokwenda. Hata upande wa kuzunguka kinajichagulia, hiki kulia, kile kushoto.

Cha kwanza tulikikimbilia kama mita mia nne, tulipofika kikafa. Kilikaa chini taratibu kama mzee aliyechoka, kikaacha vumbi na mfuko mtupu wa simenti. Cha pili vivyo hivyo. Cha tatu kilitukata mbele, kikavuka lami bila kuangalia pande zote, kikaingia kwenye shamba la mtu la alizeti iliyokwisha vunwa na kikapotelea humo. Ilikuwa kama kumdai mtu: ukiwa mbali unamwona kabisa barazani, ukifika mlangoni mtoto anatoka anakwambia baba kasafiri.

Sina Haraka alishaanza kunung'unika. Nilimwekea mafuta ya elfu tano na alikuwa anayapigia hesabu kwa sauti. Nikajaribu kumtia moyo, nikamwambia visulisuli vina faida zake, kwamba mwaka 2005 kule sayari ya Mars upepo wa namna hiyo ulipuliza vumbi kwenye paneli za sola za gari la NASA linaloitwa Spirit, gari lililokuwa linaishiwa nguvu likarudi kuchapa kazi.

Akafikiri. "Basi twende huko. Huku vinachafua."

Ndipo tukakiona cha nne.

Jamani. Sijui niseme nini. Kilikuwa kimesimama nyuma ya mji wa watu, chekundu kama tofali, kirefu kuliko mnara wa simu ulioko pale, na hakikuwa na dalili ya kuchoka. Chini kilikuwa chembamba, kinatembea kama mwanamke aliyebeba ndoo, juu kimefunguka. Ndani yake kulikuwa na majani, maboksi, ukurasa wa daftari, na mifuko ya nailoni mingi, ile iliyopigwa marufuku Juni 2019. Nilikuwa najiuliza ilienda wapi. Iko juu kule.

Ule mji ulikuwa nyumba ya tofali, jiko la pembeni lenye bati lililokandamizwa kwa mawe, mbuzi wanne, na mama mmoja aliyekuwa anapepeta ulezi akanyanyuka na ungo wake akaingia ndani akafunga mlango. Hakukimbia, hakupiga kelele. Aliingia kama mtu anayemkwepa mgeni asiyemtaka. Nyuma ya jiko kulikuwa na rundo la udongo mwekundu, mbichi. Lile rundo nililiona. Naomba mkumbuke kwamba nililiona.

Niliposhuka kwenye pikipiki nilikuwa bado shujaa. Nilivaa miwani, nikapandisha barakoa, nikawasha kamera, nikasema kwa sauti nzito, ipo kwenye rekodi, "Wapendwa, tunaingia." Nikaanza kutembea.

Hatua kumi za kwanza hakuna kitu, jua tu. Halafu hewa ikawa ya moto kwenye miguu, kama umepita nyuma ya lori linalounguruma. Halafu sauti. Nilitegemea mngurumo, wale wa Oklahoma wanasema tonado inanguruma kama treni. Hiki hakikunguruma, kilichakacha. Mchanga kwenye helmeti ulikuwa kama mtu anapepeta mtama juu ya kichwa changu bila kuniomba ruhusa. Shati likajaa upepo, nikawa mnene. Kidole kimoja cha mguu kikasikia baridi, nikatambua ndala ya kushoto imeondoka. (Ndiyo, nilivaa ndala. Sina Haraka hili hakulisema na namshukuru.) Kupitia ile miwani ya kuchomelea dunia ilikuwa ya kijani, halafu ya kahawia, halafu haikuwepo.

Nikainyanyua miwani kidogo ili nione. Ndipo nikaliona bati.

Nataka niende polepole hapa kwa sababu lenyewe lilikwenda polepole. Jiwe la kwanza lilibingirika kutoka juu ya jiko, likaanguka. La pili likaanguka. Bati likanyanyua kona moja, kama mtu anayechungulia chini ya shuka. Likarudi chini, pa! Nikapumua. Likanyanyua tena, safari hii upande mzima, misumari ikalia, na likatoka. Bati zima la futi kumi, limechakaa, lina kutu upande mmoja, nakumbuka hata matundu ya misumari ya zamani yalivyokuwa yanapitisha mwanga. Halikuruka kama ndege. Lilikuwa linageuka geuka kivivu, mara bapa, mara ubavu, na kila likigeuka ubavu linakuwa panga, na kila likigeuka bapa linanitazama mimi.

Niliinama. Sikuinama kwa ujuzi, magoti yalikataa tu. Lilipita juu ya helmeti, nikasikia *fyuuu* na ubaridi wa kivuli chake shingoni, na nyuma yangu likagonga mbuyu kwa kishindo ambacho mbuzi wote wanne walikijibu.

Hapo wapendwa nikakumbuka masomo. Wale Wamarekani wanasema kila siku: ukikutwa nje na huna nyumba ya kukimbilia, ondoka kwenye gari, tafuta mtaro au mahali palipobonyea, lala chini, funika kichwa. Mtaro. Nikatafuta mtaro. Na nikakumbuka rundo la udongo mwekundu. Akili yangu, kwa kasi ambayo haijawahi kuionyesha kwenye kazi za wateja, ikapiga hesabu: penye udongo uliotolewa pana mahali ulipotoka.

Hesabu ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni vipimo.

Nilipiga hatua mbili nikajirusha kifudifudi kama nilivyoona kwenye video, na chini hapakuwepo. Nilitarajia kubonyea kwa futi moja. Nikapita futi moja. Nikapita ya pili. Hewani nilipata muda wa kugeuka, na muda wa kujutia kugeuka, kwa sababu sasa nilikuwa nimetanguliza makalio.

*Pwacha.*

Kitu cha kwanza nilichokigundua ni kwamba nilichokikalia kina joto. Cha pili, kinateleza. Cha tatu, kuna mtu anahema na si mimi.

Sasa nikueleze hali ilivyokuwa upande wa pili, kama nilivyokuja kuelezwa baadaye. Aliyekuwa anahema ni mzee mmoja, fundi wa kuchimba vyoo. Alishafika futi saba na nusu. Jua likamzidi, mkewe akamletea chakula, akaona juu kuna upepo utamjazia mchanga kwenye mboga, akaamua kulia chini, kwenye kivuli, kwa amani. Ugali wa uwele uko kwenye sahani mkononi. Mlenda uko kwenye hotpoti, mbele yake, ameufungua ndiyo kwanza. Juu akasikia kisulisuli kinapita. Naye alikuwa na bibi, naye alishaambiwa humo ndani mna wenyewe. Akatulia akisubiri kipite. Juani pakawa giza. Bati likalia. Halafu kutoka ndani ya kisulisuli kikashuka kitu chekundu chenye kichwa kikubwa cha mviringo, macho mawili meusi yanayong'aa, hakina pua, hakina mdomo, mguu mmoja peku, na kifuani kinawaka taa nyeupe. Kikakaa kwenye mlenda wake.

Mimi nilichofundishwa na mama tangu nina miaka mitatu ni kwamba ukimkuta mtu mzima, unamwamkia. Sikufikiri. Mdomo ulijitoa wenyewe.

"Shikamoo."

Kimya. Vumbi linashuka taratibu kati yetu. Halafu kutoka kwenye kona, sauti ya mtu aliyelelewa vizuri kama mimi:

"Marahaba."

Sekunde moja ikapita. Ya pili ikapita. Ndipo mzee akajisikia alichokisema.

"Nimelijibu," akasema polepole. "Mungu wangu. Nimelijibu."

Maana kila mtu anajua sauti usiyoijua ikikuita kutoka kwenye upepo huiitikii. Na yeye hakuitikia tu, amelipokea na shikamoo, ni kama kakubali kuwa mkubwa wake. Nikataka kumtoa hofu, nikasogea mbele. Taa ikasogea naye akajibana ukutani mpaka udongo ukaanza kudondoka.

"Nenda zako kwa amani," akaniambia, huku kanyanyua sahani ya ugali kama ngao. "Mimi kibarua tu. Choo si changu. Mwenye choo yuko juu."

(Mwenye choo, naamini kwa sasa mmeshapatana.)

"Mzee, mimi ni mtu."

"Sawa."

"Kweli mzee. Ni fundi simu."

"Sawa, fundi simu." Ile sauti anayopewa mlevi aliyeshika panga.

"Nina kibanda Majengo."

"Majini wa Majengo," akanong'ona, hakuwa anasema na mimi.

Nikaona nivue helmeti anione uso. "Usivue!" akapiga kelele, sijui alidhani kitatoka na kichwa. Mkono wake ukawa unapapasa nyuma unatafuta mpini wa sururu, na mimi nikaanza kuona kwamba nimekwepa bati la futi kumi ili nife kwa sururu kwenye shimo la choo, na kwamba mama ataambiwa nilifia Nala ambako hakuna hata bahari.

Kilichoniokoa ni pua yake. Alinusa. Akanusa tena. Akashusha macho taratibu kutoka kwenye ile taa, kwenye tumbo langu, mpaka pale nilipokaa. Pembeni ya paja langu kulikuwa na kifuniko cha hotpoti, cha bluu, kina maua. Mlenda ulikuwa unapanda kwenye suruali yangu kwa utulivu kabisa. Wanaokula mlenda mnajua, ule ukivutwa unafuata. Nilijaribu kunyanyuka, ukafuata. Nikakaa tena.

"Umekalia mboga yangu," akasema.

Na sauti haikuwa ya hofu tena. Hapo ndipo alipoamini mimi ni binadamu. Jini, alinieleza baadaye tulipozoeana, hawezi kukalia mboga ya mtu, hana makalio.

Yaliyofuata sitayarefusha. Kisulisuli kilikuwa kimeshakwenda zamani, havikai dakika nyingi vile. Mama mwenye mji akaja kuchungulia shimoni, akatutazama wote wawili, akasema "Mbukwenyi," salamu ya Kigogo, kwa heshima zote, halafu akamgeukia mtu nyuma yake: "Mbona nilimwacha mmoja?" Wakaleta ngazi. Mzee akapanda kwanza, ana haki. Mimi nilipotokea na helmeti yangu watoto wawili wakakimbia na mmoja akabaki, huyo mmoja ndiye aliyeokota ndala yangu, Mungu ambariki. Hotpoti ilipasuka, elfu kumi na mbili. Bati nilisaidia kulirudisha, niliongeza mawe mwenyewe.

Na Sina Haraka? Kwa kuwa ameamua kusimulia, nami nasimulia: wakati wote huo alikuwa amelala chini ya pikipiki yake barabarani, kajifunika jaketi, na alipofuatwa kuambiwa rafiki yako yuko shimoni alijibu simfahamu. Mtu aliyesimulia dakika nne nzima hakuona hata sekunde moja. Alihadithiwa na wale watoto. Wale waliokimbia.

Simu ya dada. Najua unasubiri. Mlenda uliingia kwenye tundu la chaji. Nimefanya kazi hii miaka sita. Nimetoa mchanga, uji wa mtoto, mafuta ya alizeti, mende mzima. Mlenda hautoki. Unaupiga brashi na spiriti, unajivuta, unakutazama, unarudi. Siku mbili. Sasa inachaji, ila ukiipasha moto kuna harufu kidogo, nimekupunguzia bei.

Video nayo ilirekodi yote, dakika kumi na moja. Picha haina kitu, ni kahawia mwanzo mpaka mwisho, halafu kuna sehemu ya kijani ambayo nadhani ni mboga. Sauti lakini imetoka safi kama studio. Kosa langu ni kumrushia Sina Haraka kama ushahidi kwamba sikulia mama.

Jana mchana kaingia mteja kibandani, kijana simjui, kaweka simu mezani akataka nimwekee mlio mpya, kasema anao tayari kwenye WhatsApp, yeye hajui tu kuukata. Nikaufungua. "Shikamoo." Kimya. "Marahaba."

Nikamkatia. Nilimtoza elfu moja.